Cookham bila Stanley Spencer

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongeze jambo katika makala yenu ya safari iliyokigusia kijiji cha Cookham, kilichoko kando ya Mto Thames, magharibi mwa London. Mwandishi amelisifu daraja la chuma na nyumba za kale, lakini hakumtaja hata mara moja mchoraji Stanley Spencer, ambaye bila yeye kijiji hicho hakielezeki.

Spencer alizaliwa Cookham mwaka 1891. Alipokuwa akisomea sanaa London alirudi nyumbani kwa treni kila siku, hata wanafunzi wenzake wakampachika jina la kijiji chake. Mwaka 1915 alianza kuchora shughuli inayofanyika mtoni kila Julai, ya kuwakamata bata maji weupe, kuwahesabu na kuwaachia. Ikabidi aende vitani, akahudumu hadi Makedonia, na picha ile akaja kuimaliza mwaka 1919.

Kazi iliyonisukuma kuandika, hata hivyo, ni picha yake ya ufufuo, aliyoichora kati ya 1924 na 1927, yenye upana unaozidi mita 5, ambayo ni mali ya jumba la sanaa la Tate. Makaburi yanayofunguka humo ni ya uwanja wa kanisa la kijijini, Holy Trinity. Kristo ameketi barazani pa kanisa akiwapakata watoto wachanga, Spencer mwenyewe amesimama uchi akiegemea jiwe la kaburi, na waliofufuka wanapelekwa mbinguni kwa meli za matembezi zilizokuwa zikipita Thames enzi hizo. Miongoni mwao wamo watu weusi wanaoinuka kutoka ardhini, katika uwanja uleule wa wanakijiji. Nadhani msomaji wa Afrika Mashariki angependa sana kuelezwa hilo, kwa kuwa kwa Spencer siku ya mwisho iliwahusu wanadamu wote, na Cookham palitosha kuwapokea.

Alifariki mwaka 1959, na majivu yake yamezikwa katika uwanja huohuo. Kanisa dogo la Wamethodisti alikosali utotoni limekuwa jumba la maonyesho ya kazi zake tangu mwaka 1962, nalo liko barabara kuu, mwendo mfupi kwa miguu kutoka daraja mlilolisifu. Naomba mlitaje katika toleo lijalo, ili wasomaji watakaofika Cookham wasilipite.

Wako katika ujenzi wa utamaduni,
Msomaji, Reading, Uingereza