Mfanyakazi ashirikishwe katika kupanga kazi yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu namna waajiri wengi wanavyoshughulikia malalamiko ya wafanyakazi. Morali ikishuka, watu hushonewa fulana, huandaliwa hafla, na mmoja wao hupigwa picha ameshika cheti cha mfanyakazi bora. Jumatatu mambo yanarudi palepale.

Kero yenyewe iko kwenye ubao wa matangazo. Ratiba ya zamu hubandikwa Ijumaa jioni, watu wakasongamana kutafuta majina yao kwa kidole. Unakuta jina lako limekatwa kwa kalamu kwenye zamu ya mchana na kuandikwa ya usiku, na hakuna aliyekuuliza. Mwenye mtoto mchanga ndiyo kwanza anaanza kupiga simu kutafuta wa kumwachia. Ukihoji, unaitwa mkaidi.

Huku si kudeka. Mwaka 1979 mtafiti wa Marekani, Robert Karasek, alionyesha kuwa msongo huwa mkubwa zaidi pale kazi inapombana mtu huku hana uamuzi juu yake. Jijini London, watumishi wa serikali zaidi ya 10,000 walianza kufuatiliwa afya zao mwaka 1985 chini ya Profesa Michael Marmot, na ikaonekana kwamba wenye uamuzi mdogo kazini walipata zaidi maradhi ya moyo. Na hao walikuwa watu wa maofisini!

Anayelipwa kidogo au kwa kuchelewa alipwe kwanza, mengine baadaye. Lakini kuna mambo ambayo hayahitaji bajeti. Ratiba itoke wiki mbili kabla, na watu waruhusiwe kubadilishana zamu bila kuzunguka ofisi tatu wakiomba saini. Anayejaza fomu kila siku aulizwe kabla haijabadilishwa. Na mtu akitoa wazo likakataliwa, aambiwe sababu. Hili nalisisitiza, maana masanduku ya maoni yamebaki matupu kwa vile walioandika mwanzoni hawakujibiwa hata mara moja, na wenzao waliona.

Navyo vyama vya wafanyakazi, vinapojadili mikataba ya hali bora za kazi, visiishie kwenye asilimia ya nyongeza ya mshahara. Nani anapanga zamu, na anashauriana na nani kabla ya kuibandika, liandikwe ndani ya mkataba.

Wako,
Msomaji na mfanyakazi wa zamu