Aliulizia karatasi ya sita, mkamwona mwehu

Mhariri,

Mara ya mwisho kukuandikia ilikuwa juu ya feri ya Likoni, na barua ile hukuichapisha. Nikanyamaza miaka. Lakini ile taarifa yenu ya wiki jana, kwamba vituo vya kupigia kura vinaandaliwa kwa watu wenye ulemavu kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti 2027, imenifanya nitafute kalamu. Mmeandika njia za viti vya magurudumu, karatasi za nukta nundu kwa wasioona, wakalimani wa lugha ya ishara. Sina ugomvi na hayo hata kidogo. Nimeisoma mara mbili nikitafuta neno moja tu, ubongo, na halimo.

Mdogo wangu alikuwa mwendesha bodaboda. Mwaka 2019 lori lilimgonga pale Bombolulu, akapasuliwa kichwa kutolewa damu iliyoganda, akalala hospitalini wiki 7. Leo ukikaa naye barazani hutajua lolote. Anatembea, amenyoa vizuri, anacheka. Mwenye kovu usidhani kapoa, na huyu kovu lenyewe liko chini ya kofia. Maneno humkimbia: anataka kusema chai, ulimi unatoa kiatu. Pengine anasema ndiyo huku kichwa kinakataa. Kelele zikizidi, huchoka kama aliyeshusha magunia bandarini kutwa nzima. Lakini analolitaka analijua. Waulize waliokopa kwake kabla ya ajali kama amemsahau hata mmoja wao. Na siasa za redioni anazifuata kuliko mimi.

Sasa sikia. Wiki tatu kabla ya uchaguzi wa Agosti 9, 2022, nilinunua manila za rangi nikazikata mfano wa karatasi za kura. Kila jioni baada ya magharibi tunakaa mezani. Nyeupe, rais. Bluu, gavana. Njano, seneta. Kijani, mbunge. Zambarau, mwakilishi wa wanawake. Ile ya rangi ya chai ya maziwa, mwakilishi wa wadi. Alianza kwa kukosea nne, akaja kukosea moja, mwisho akawa ananisahihisha mimi. Mtu aliyeumia ubongo ukimpa jambo kwa mpangilio uleule, pole pole, siku baada ya siku, anaweza kulishika.

Utakumbuka, Mhariri, kuwa siku moja tu kabla ya kura, Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba uchaguzi wa ugavana wa Mombasa na Kakamega umeahirishwa kwa sababu karatasi zimechapishwa na makosa kwenye picha na maelezo ya wagombea. Mimi nilisikia. Katika pirikapirika za kupika na kutafuta vitambulisho nikasahau kumwambia, na kosa hilo nalibeba. Tulifika kituoni saa kumi na moja alfajiri, tukaingia ndani saa nne. Saa zote hizo amesimama juani katika zogo la watu, hakuna hata benchi. Karani akampa karatasi. Akazihesabu, tano. Akazihesabu tena. Akainua vidole sita, akasema, na siku hiyo maneno yalimtii: “Bluu. Bluu iko wapi?” Karani akamjibu hizo ndizo zote, songa mbele. Akauliza tena. Karani akamgeukia mwenzake akasema, wala hakupunguza sauti, “Huyu si mzima.” Nikajitokeza nikasema mimi ndiye dada yake, nimekuja kumsaidia. Nikaambiwa, “Mama, kaa kando, hiyo ni kazi yetu.” Msimamizi wa kituo akamvuta hadi mezani mbele ya mawakala wote wa wagombea, akamuuliza kwa sauti ya mnadani, “Rais unamtaka nani?” Kwa hofu na uchovu, mdogo wangu akataja jina la jirani yetu anayeuza mahamri. Mawakala wakacheka. Akaziweka zile karatasi tano juu ya meza, akazilinganisha ncha kama tulivyokuwa tukifanya nyumbani, akatoka. Hakutiwa wino wala hakutumbukiza kura. Na katika chumba kizima, ndiye peke yake aliyeuliza karatasi ya gavana imekwenda wapi!

Tarehe 29 Agosti, bluu yake ilipofika hatimaye, hakutaka kwenda. Nilimwekea shati kitandani. Akalirudisha kabatini.

Nilipotulia nikaenda kusoma, kwa kuwa nilidhani pengine mimi ndiye nisiyejua. Katiba, kifungu cha 38, inampa kila raia mtu mzima haki ya kupiga kura ya siri. Kifungu cha 83 kinamzuia kujiandikisha mtu aliyetangazwa hana akili timamu. Aliyetangazwa, Mhariri. Kunong'onezwa na karani hakumo. Jina la mdogo wangu lilikuwa katika daftari, na kile kidude cha alama za vidole kilimtambua papo hapo, kwa heshima kuliko binadamu waliokishika. Kanuni za uchaguzi za mwaka 2012 nazo zinamruhusu mpiga kura mwenye ulemavu kuja na msaidizi anayemtaka yeye, mradi msaidizi awe mtu mzima na asiwe mgombea wala wakala. Anajaza fomu ya kiapo, basi. Msimamizi anashika kazi hiyo pale tu mtu hana wa kuja naye. Mimi nilikuwapo, nimevaa buibui jeusi, mnene kama unijuavyo, sikuwa wa kutoonekana.

Na tukiwa hapo hapo kwenye uchaguzi na vichwa vya watu, hebu niseme na hili. Kampeni zimeanza kunukia, na wanasiasa wamerudi kwenye steji za bodaboda. Vijana wanatiliwa mafuta, wanapewa fulana na kofia, wanaambiwa wapige honi kutoka Kisauni hadi mjini. Juzi nilikaa barazani nikahesabu msafara mmoja: pikipiki 43, helmeti 2, na moja ya hizo mbili imening'inizwa kwenye usukani. Wengine wamepakia abiria watatu, wa nyuma amesimama anapeperusha bendera. Mheshimiwa mwenyewe yuko ndani ya gari, vioo juu, mkanda kiunoni. Hao vijana wakianguka ni mama zao watakaojifunza habari za damu kuganda kichwani, kama nilivyojifunza mimi, na wakifika kituoni wataitwa si wazima na karani, huku wakala wa mheshimiwa huyohuyo yuko mezani anacheka. Kofia ya kitambaa yenye picha ya mgombea, na ubongo uko chini yake! Sijui ni nani aliyetupa mawazo haya.

Mtasema nimelalamika sana bila kuleta dawa. Haya. Mgombea anayetaka msafara anunue helmeti, azipake rangi ya chama chake akipenda, hata aweke uso wake. Tume nayo itoe mifano ya karatasi sita wiki mbili kabla, kwa rangi zake halisi, ili watu kama mdogo wangu wajizoeze kwa kitu cha kweli badala ya manila zangu, na zikibadilika usiku wa mwisho, basi kibandikwe mlangoni kibao chenye maandishi makubwa: LEO NI TANO. Makarani wafundishwe kuuliza jambo moja kwa wakati, kisha wafunge mdomo mpaka mtu ajibu, hata ikichukua dakika nzima. Na kabla karani hajapewa kitambulisho chake cha shingoni, asimamishwe mbele ya wenzake azitaje rangi zote sita bila kuchungulia. Akikosea, asiajiriwe. Nina hakika nyumba yetu itatoa angalau karani mmoja.

Kuhusu kiti cha kukalia kwenye foleni, Tume isijisumbue. Nimeshanunua cha plastiki, shilingi mia nane, nitakuja nacho mwenyewe.

Dada mtu,
Kisauni, Mombasa
(Jina langu nimekuandikia nyuma ya bahasha. Usilichapishe.)