Barua kwa mwanangu anayekwenda Nachingwea

Mwanangu,

Salamu zako mdogo wako amenifikishia, marahaba. Hapa nyumbani hatujambo, ila goti la mama yako linamsumbua asubuhi kukiwa na baridi.

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu unasema "sawa baba" kabla sijamaliza ninachosema, na mazungumzo yanaishia hapo. Barua utaisoma yote. Safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Lindi, kisha Nachingwea, itakupa nafasi ya kuirudia.

Ajira hii umeihangaikia na umeipata kwa jasho lako. Natembea kifua mbele hapa kijijini. Mwenyekiti wa kitongoji ameniuliza kama ni kweli mwalimu wa Fizikia katoka kwenye nyumba hii, nikamwambia aje aone vyeti. Lakini ulipotaja Nachingwea, aliyenijia kichwani ni mwenzetu wa vita ya Kagera aliyefariki huko. Alizikwa wakati wa masika, habari ikatufikia tunavuna mtama. Hakuna hata mmoja wetu aliyetupa udongo kaburini. Hakuna aliyesimama kuwaambia waombolezaji kwamba huyu tulipigana naye Lukaya, kule Uganda. Rambirambi hatukutuma. Mjane wake alidhani tumewasusa.

Kwa hiyo ukisharipoti shuleni, kabla hujaanza kuhangaika na godoro na kitanda, nenda kwa yule mama. Usiende mikono mitupu. Mpe shikamoo, mwambie wewe ni mtoto wa nani na kwamba baba yako alilala handaki moja na marehemu. Hatakuuliza zaidi. Habari zenyewe za Lukaya unazijua tangu utotoni, sizirudii hapa.

Daftari letu la majina na anwani za wenzetu wa vita nimelifunga kwenye mfuko wa nailoni, liko ndani ya begi analokuletea mdogo wako, chini ya kanga za mama yako. Usilitoe njiani. Tangu uende chuo kurasa zake hazikuguswa, na wewe ulijua kwamba mwandiko wangu siku hizi hausomeki. Nasema hivi bila hasira. Nasema kwa sababu yule wa Nachingwea barua zake zilikuwa zinapitia sanduku la shule ya msingi ya kijijini kwao, na mwalimu mkuu aliyekuwa anampelekea alipohamishwa, barua zikawa zinalala posta. Mtu mmoja tu kahama, na mzee wa watu akapotea kwetu.

Kwenye maziko ya Jenerali Musuguri ulikuwepo, umejionea. Alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104, nchi nzima ikasikia, na pale Butiama wazee walikuja kutoka Tarime, Bunda na Serengeti. Mimi nilirudi na majina ambayo sikuwa nayo. Lakini Jenerali hakulihitaji daftari letu. Alikuwa Mkuu wa Majeshi, jina lake liko vitabuni. Daftari ni la wale ambao redio haitawataja.

Wenzetu waliokuwa na namba za jeshi wana kumbukumbu zao na pensheni zao, na mmoja akiondoka kuna ofisi inayojua. Sisi tuliochukuliwa kwenye mgambo mwishoni mwa 1978, tukavuka Mutukula Januari 1979 na kuanza kutembea, Masaka kwa miguu, Lukaya kwa miguu, wengi wetu tulirudishwa vijijini kushika jembe. Jembe halina orodha. Tulitawanyika Songea, Kigoma, Singida, na ikaja ile miezi 18 ya kufunga mkanda ambayo watu waliimaliza bado mkanda umefungwa. Nauli ya kutembeleana ingetoka wapi? Kilichotushika ni kadi za salamu. Ulikuwa unajaza kadi, unapeleka Redio Tanzania, na siku mtangazaji akiisoma, aliyeko Sumbawanga anajua bado unapumua. Naye anajibu kwa kadi, baadaye kwa barua. Hivyo ndivyo daftari lilivyoanza. Mama yako husema stempu zangu zilikula hela za madaftari yenu ya shule. Stempu zilikuwa bei ndogo, lakini ni kweli zilikuwa nyingi.

Sasa unisikilize vizuri hapa, maana hili nimelikuta kwa kuumia na sitaki upuuze. Usimwamini mtu kwa namba yake ya simu peke yake. Namba ikikaa bila kutumika, kampuni inampa mtu mwingine. Nimewahi kumpigia mzee wa Kasulu nikapokelewa na kijana anayeuza viatu Mwanza. Halafu kulikuwa na ule usajili wa laini kwa alama za vidole, uliofikia kikomo Januari 2020. Wazee wenzangu vidole vimesuguliwa na jembe na chepe mpaka mashine haisomi kitu, na wengine laini zao zilizimwa hivyohivyo. Kila mzee awe na watu wawili pembeni ya jina lake ambao si yeye: mtoto mmoja, na mtu wa kijijini asiyehama, awe katekista au imamu au mwenye duka. Siku akifariki, simu yake ndiyo ya kwanza kuzimwa.

Na anwani zinabadilika hata kama mtu hajahama. Wenzetu walioandikwa Iringa wako Njombe tangu mkoa ule uanzishwe 2012, walioandikwa Rukwa wako Katavi, na wale wa Mbeya upande wa Tunduma tangu 2016 wako Songwe. Sisi wenyewe hapa tulikuwa Musoma Vijijini, leo ni Butiama. Nimepiga mstari wa penseli kwa wote ambao nilikuwa sijawarekebisha. Wamalize.

Jina la marehemu usilifute. Andika tarehe, na chini yake andika jina la mjane. Mjane anabaki kwenye daftari na anaandikiwa kama mume wake alivyokuwa anaandikiwa.

Utasema haya ni mambo ya wazee. Babu yako, baba yangu, alikuwa Keya, askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza, wakati wa Vita ya Pili. Alikwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile ya alama ya faru, wakapita bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye matope mpaka mto Chindwin. Alipougua ugonjwa wake wa mwisho alikuwa anaita majina ya wenzake. Majina ya Kinyasa, ya Kikamba, ya Kiganda. Sisi tulikaa pembeni ya kitanda, hatumjui hata mmoja, hatujui wa kumpelekea taarifa ni nani. Alizikwa na ndugu na majirani, na hakuna mtu katika msiba ule aliyewahi kulala naye kwenye mvua. Ukiwa Dar es Salaam pita kwenye ile sanamu ya Askari. Imesimama pale tangu 1927, ina maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza kwa ajili ya askari na wapagazi wa Vita ya Kwanza, na haina jina la askari hata mmoja. Mimi sitaki sanamu. Nataka mtu akifa Nachingwea, Tarime wajue kabla hajazikwa, basi.

Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, mwaka huu ni zamu yetu kuwapokea wenzetu wa vita wa mkoa huu. Watakuja wachache, wengine wataletwa na wajukuu. Nimetenga yule beberu mweusi. Mchele mama yako anasema utatosha, mimi sina hakika, kwa sababu wanaosindikiza siku hizi ni wengi kuliko wanaosindikizwa. Turubai tutaazima parokiani. Kinachonikosesha usingizi ni barua za wasioweza kufika. Wewe ulikuwa unazisoma taratibu, mtu anasikia sauti ya aliyeandika. Mdogo wako anasoma kama anakimbizwa. Nimeanza kumfundisha kila jioni, ila ana mitihani na sitaki mwalimu wake aje hapa kulalamika.

Na tukiita majina siku hiyo, tukifika kwa wa Nachingwea, nataka kuwe na barua ya mkewe. Kama hajui kuandika au macho hayaoni, aseme nawe uandike kama atakavyosema, usimrekebishie Kiswahili chake. Iwe imefika posta ya Musoma wiki moja kabla. Ukiona Julai inakaribia na hujaenda, niambie mapema, nitapanda basi mwenyewe, miguu hii bado inakwenda. Mama yako hataki kusikia habari hiyo, kwa hiyo ni bora uende wewe.

Mazingira ya huko ni ya joto, tofauti na kwetu. Kula vizuri. Ukipata nyumba ya kupanga, uliza maji yanatoka siku gani, usidanganywe na rangi ya ukuta. Walimu wenzako wasikutume kukopa kwa ajili yao mwezi wa kwanza. Mshahara wa kwanza usitutumie kitu, nunua neti, jiko na viatu vya kufundishia, hivyo vyako vimekwisha kisigino na niliviona. Bati mbili za jikoni zimetoboka lakini mvua bado, tutaziba. Yule ng'ombe wa maziwa amezaa ndama jike, mama yako ameshampa jina lako na hataki auzwe.

Ukifika Nachingwea andika kwa mkono. Nitajua umefika salama nikiona bahasha.

Ni mimi baba yako.

N.B. Zile bahasha za kaki ndani ya daftari nimeshaandika anwani za wazee wa Lindi, Masasi na Tunduru. Wako jirani na wewe kuliko na mimi. Stempu ninunulie za kutosha ukiwa Dar es Salaam, za kwetu posta ziliisha tangu juzi na karani hajui zitaletwa lini. Na mama yako anauliza kama ile sufuria kubwa ulimwachia nani.