YAH: Malalamiko kuhusu kanzidata yenu ya wingu, na tiketi iliyofungwa tukiwa bado kwenye simu

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Masharti ya kifurushi cha "taarifa za papo kwa papo" mliyaandika wenyewe, kwa hiyo hatutayarudia hapa.

Alhamisi jioni tulipiga simu kwa sababu R, programu yetu ya takwimu, ilikataa kuunganishwa na kanzidata yenu. Mtaalamu wenu wa zamu alitupa dawa mbili: tuandike sslmode=disable kwenye mpangilio wa ODBC (daraja kati ya R na kanzidata), na tufungue orodha ya anwani zinazoruhusiwa hadi 0.0.0.0/0. Tulimweleza kwamba ya kwanza inapitisha majina na namba za simu za wenye maduka tunaowapelekea mkate bila kufichwa, na ya pili inazikaribisha anwani zote za IPv4, zaidi ya bilioni nne, zije kubisha hodi poti 5432, mlango wa kanzidata. Akajibu, "Basi tumieni Excel," akatuweka tusubiri. Tukiwa bado tunasikiliza muziki wenu, tiketi ya tatizo letu ikafungwa: "Imetatuliwa. Mteja ameridhika."

Mteja yupi?

Tatizo lenyewe lilikuwa la dakika tano. Mlibadilisha cheti cha seva (kitambulisho chake), na kipya kimesainiwa na mamlaka nyingine. Sisi tunatumia verify-full, ambayo hukagua saini ya cheti na jina la seva. Bila faili jipya la root.crt, lenye cheti cha mamlaka hiyo, ni lazima igome, na ndiyo kazi yake. Mlichotakiwa kufanya ni kuliweka faili hilo mahali tunapoweza kulipakua. Kuzima ukaguzi ni sawa na kung'oa mlango kwa sababu ufunguo umepotea.

Lakini cheti ni kidogo. Usiku wa kuamkia Jumatatu, siku tatu kabla ya simu hiyo, sasisho lenu liligeuza safu ya muda wa kutoka ghalani kutoka timestamptz (muda unaojua ukanda wake wa saa) kuwa timestamp tupu (muda usioujua). Hakuna barua pepe wala tangazo. Saa zilizohifadhiwa zimebaki za UTC (saa ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu), ila safu haijui tena kwamba ni za UTC. Gari la mkate lililotoka saa kumi na moja na nusu alfajiri limeandikwa 02:30. Zamani, amri ya AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam' iliongeza saa tatu, tukapata 05:30. Sasa maneno yaleyale yanafanya kinyume: Postgres, programu inayoendesha kanzidata yenu, inadhani 02:30 ndiyo saa ya Dar es Salaam, inapunguza tatu kuipeleka UTC, na kwa kuwa seva yenu inaonyesha saa za UTC, R inapokea 23:30 ya jana yake. Kosa ni la saa sita, si tatu. Chochote kilichotoka kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi kinahesabiwa siku iliyopita, na kwa msambazaji wa mkate hiyo ndiyo biashara karibu yote. Tarehe 1 ya mwezi, mauzo yanahamia mwezi uliofungwa. Wala R haitoi onyo lolote. Ripoti inachapwa safi, grafu zinapendeza, na zote ni za uongo.

Kwa sasa tunatumia AT TIME ZONE 'UTC' AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam', moja baada ya nyingine. Angalieni sana hapa: mkiirudisha safu kimyakimya kuwa timestamptz, kiraka hiki nacho kitageuka na kosa lilelile la saa sita litarudi. Kwa hiyo msiguse kitu bila kutupa tarehe na saa kwa maandishi.

Na "papo kwa papo" yenyewe? Jumatano, kwenye nakala ya kanzidata tunayosomea ripoti, kipimo cha ucheleweshaji, now() - pg_last_xact_replay_timestamp(), kilitupa dakika 47. Msiseme kipimo hicho hupanda pale ambapo hakuna kinachoandikwa. Tunalijua hilo, na mauzo yalikuwa yanaingia muda wote. Ripoti ndefu nazo zinakatizwa kwa ujumbe wa mgongano na urejeshaji, yaani nakala inaingiza mabadiliko mapya wakati ripoti bado inasoma. Ujumbe huo unatoka kwenye seva yenu. Mmeacha max_standby_streaming_delay (muda ambao nakala huivumilia ripoti kabla ya kuikatiza) kwenye sekunde 30 za kiwandani, halafu tunaambiwa R ndiyo mbovu. Mwezi uliopita pia R ilikuwa mbovu, kumbe kifurushi chenu cha draiva ya ODBC kilikuwa cha biti 32 na R kwenye Windows iliacha biti 32 tangu toleo la 4.2.0. Mwongozo wenu hadi leo unamwelekeza mtu afungue odbcad32.exe (dirisha la mipangilio ya ODBC) ya folda ya SysWOW64, ambayo, pamoja na jina lake, ndiyo ya biti 32. Ya biti 64 iko System32.

Turudi Alhamisi, maana hatujaimaliza. Hatukukata simu sisi. Tulikuwa tumetoka kumwambia tunachohitaji ni faili moja tu. "Basi tumieni Excel." Muziki. Kisha, muziki ukiendelea, ukaingia ujumbe wa kutuomba tuwape nyota kuanzia moja hadi tano kwa huduma tuliyopewa. Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba tumeridhika.

Tunaomba root.crt mpya, draiva ya biti 64 na mwongozo uliosahihishwa, pamoja na ada ya mwezi huu irudishwe. Tiketi ifunguliwe upya na maneno "Mteja ameridhika" yafutwe. Tukihesabu na mwezi wa draiva, ada ni za miezi miwili, tunazitaka zote. Tunataka pia maelezo ya maandishi, yaliyosainiwa, kama sslmode=disable ndio msimamo wa kampuni. Kama ndio, tutaupeleka kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa kuwa Sheria ya mwaka 2022 haiwaruhusu ninyi wala sisi kuziacha taarifa za watu bila ulinzi.

Mnazo siku saba za kazi. Siku ya nane tutadai nakala kamili ya data zetu kwa pg_dump -Fc (amri ya Postgres ya kunakili kanzidata), na mkataba tutaukabidhi kwa mwanasheria.

Wenu,

Mkuu wa Kitengo cha Takwimu na Ripoti
Dar es Salaam

Nakala: Mwanasheria wa kampuni, Mhasibu Mkuu (asitishe malipo ya mwezi ujao)