Barua kwa mwenzangu wa jukwaani

Moshi, 12 Julai

Mpendwa dada yangu,

Salamu nyingi kutoka Rau. Hatujambo, ila baridi imetukamata na mlima hatujauona wiki nzima.

Tangu uliponipigia Jumapili ukilia, sijatulia. Ulisema umekataa kucheza dada wa kazi anayezabwa vibao ili watu wacheke, na tangu hapo hakuna anayekutafuta, na kwa umri wako wa miaka 47 huoni tena njia. Simu ikakatika kabla sijakujibu.

Unamkumbuka Cicely Tyson, yule mwigizaji mweusi wa Marekani aliyecheza mama yake Kunta Kinte katika Roots, tamthilia ile ya utumwa? Jumatano usiku nilimtazama tena katika Sounder, filamu ya 1972. Kuna pale mumewe anaporudi kutoka kifungoni. Cicely anamwona mtu kwa mbali anachechemea kwenye barabara ya vumbi, na mwanzoni haamini. Kisha anakimbia, mikono ameshainyoosha wakati mwenyewe bado yuko mbali, anaita jina tu. Nilirudisha nyuma mara tatu. Mama, ambaye Kiingereza hakipandi, alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Mwanamke huyo alikataa kazi nyingi, dada yangu. Alikubali kukaa bila kipato kuliko kumcheza mwanamke mweusi aliyevuliwa utu. Wazazi wake walihamia Marekani kutoka kisiwa cha Nevis, naye akakulia Harlem, mtaa wa watu weusi New York. Mama yake, mcha Mungu hasa, alimtoa nyumbani alipoingia kwenye uigizaji. Uchungu wa hilo unaujua wewe kuliko mimi.

Mwaka 1974 alimcheza Jane Pittman, aliyezaliwa utumwani, mpaka bibi wa miaka 110, na yeye mwenyewe hajatimiza 50. Mwishoni bibi huyo anajikongoja na mkongojo wake hadi kwenye bomba la maji la wazungu peke yao, watu wote wanamtazama. Anainama, anakunywa. Kazi hiyo ilimpa Emmy mbili, zile tuzo za televisheni.

Lakini ninalotaka ulishike ni la 2013. Alikuwa hajapanda jukwaa la Broadway, kule kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, kwa miaka 30. Akarudi katika The Trip to Bountiful, akimcheza mwanamke mzee anayetamani kuiona tena nyumba aliyokulia. Kila alipofika pale anapoimba tenzi, ule ambao sisi tunauimba "Ndiyo dhamana", watu waliolipa viingilio vyao walianza kuimba naye kutoka vitini, bila kuombwa. Nikifikiria hilo mwili unanisisimka. Alipata Tony, tuzo ya jukwaani, akiwa na miaka 88. Oscar ya heshima ilikuja 2018, na alifariki Januari 2021 akiwa na 96. Kwa hiyo hiyo 47 yako usinitajie tena.

Sasa la kwetu. Akina mama wa usharika wanaandaa igizo la Ruthu kwa sikukuu ya mavuno. Ruthu wamempata, binti mzuri anayesikika mpaka viti vya nyuma. Naomi hawana. Wanataka mtu anayeweza kuingia Bethlehemu amefiwa na mume na wanawe, watu wakamwona hata kabla hajafungua kinywa. Nimewaomba wasimpe mtu yeyote mpaka mwisho wa mwezi. Hakuna malipo, lakini nauli ya basi kutoka Dar nitaituma Ijumaa, na chumba cha nyuma kiko wazi.

Niambie tu utapanda basi la saa ngapi.

Ni mimi, mwenzako wa Rau