Kabla hatujakuuzia dawa ya nyuki, tutakuuliza: umehesabu?

Mteja akija kwetu kutafuta dawa ya varoa, yaani utitiri unaoshambulia nyuki, swali letu la kwanza humkera. Umehesabu? Wengine hudhani tunawazungusha. Tunauliza kwa sababu mzinga unaweza kuonekana una afya huku utitiri ukiongezeka ndani, na mwingine ukatiwa dawa ambayo hauihitaji.

Kuhesabu ni kazi ya dakika chache. Chukua nyuki wapatao 300, yaani nusu kikombe, kutoka kwenye sega lenye majana, yaani nyuki wachanga ambao hawajakomaa. Hakikisha malkia hayumo! Watie kwenye chupa yenye spiriti, tikisa kwa dakika moja, chuja kwa wavu, kisha hesabu utitiri uliodondoka. Ukipata 9, hao ni 3 kwa kila nyuki 100, na wafugaji wengi huanza kutibu hapo. Anayewahurumia nyuki wake atumie sukari ya unga badala ya spiriti: nyuki hurudi mzingani hai, weupe pepepe, ila baadhi ya utitiri hubaki umewang'ang'ania.

Swali la pili: mzinga una majana kiasi gani? Varoa huzaliana ndani ya vijumba vilivyofunikwa, na jana la kibarua hukaa humo siku 12 hivi, la dume zaidi kidogo. Asidi ya oksaliki huua utitiri ulio juu ya nyuki, lakini haipenyi kifuniko cha nta. Ukiitumia wakati majana yamejaa, utitiri ulio ndani ya vijumba utatoka salama na kuanza upya. Inafaa zaidi malkia anapokuwa hatagi. Asidi ya fomiki hupenya, ila ni kali. Joto likikaribia nyuzi 30 inaweza kuua majana na hata malkia. Vipande vyenye amitrazi, dawa nyingine ya kuua utitiri, hufanya kazi polepole, kwa wiki kadhaa.

Na hapo kwenye vipande ndipo tunapogombana na wateja wetu, tena wale tunaowapenda. Huvining'iniza kati ya fremu, wakavisahau. Muda ulioandikwa kwenye lebo ukipita, dawa inayobaki ni hafifu: utitiri dhaifu hufa, wenye kustahimili hubaki na kuzaa wenzao. Tau-fluvalineti, dawa nyingine ya vipande, ilipoteza makali sehemu nyingi duniani kwa sababu ya usugu kama huo. Kununua paketi yenye jina jingine hakusaidii ikiwa kiambato ni kilekile, kwa hiyo soma maandishi madogo. Tau-fluvalineti pia hujificha kwenye nta, na kuiyeyusha nta hakukiondoi.

Kuna pia wanaoloweka vibao kwenye dawa ya kupe wa ng'ombe, kwa kuwa nayo ina amitrazi. Hatuwauzii kwa kazi hiyo. Dozi haijulikani, na viyeyushi vyake havikukusudiwa kukaa karibu na asali. Hata dawa halali za vipande, nyingi hutaka masanduku ya asali yaondolewe kwanza.

Antibiotiki hatuziweki dukani kabisa. Anayeziulizia mara nyingi ameona majana yaliyooza. Chomeka njiti ya kiberiti kwenye kijumba, vuta taratibu. Ukivutika uzi wa kahawia kama gundi, shuku ugonjwa wa kuoza majana wa Kimarekani. Antibiotiki huzuia bakteria wanaokua, lakini haziui mbegu zake, ambazo huweza kudumu miaka zaidi ya 40 kwenye masega na mbao. Mzinga utaonekana umepona huku ukiambukiza jirani. Funga mlango nyuki wengine wasije kupora, usihamishe fremu, mwite daktari wa mifugo au ofisa wa nyuki. Mara nyingi jibu lake ni moto, na tunajua linauma.

Kwa hiyo ukija, njoo na daftari: idadi uliyohesabu, tarehe na dawa uliyotumia mara ya mwisho, na kama masanduku ya asali bado yako juu. Ukishatoa vipande, hesabu tena. Namba ikiwa haijashuka, usiongeze dozi. Rudi kwetu na ile paketi tutafute kiambato cha jamii nyingine.