Kwa binti zangu mnaosubiri kujifungua: nyimbo za kwenda nazo leba

Wanangu wapendwa, hasa nyinyi wenye mimba ya kwanza,

Nawasalimu kwa upendo. Nimefanya kazi ya ukunga miaka 30 na ushei kabla ya kustaafu, na mwenyewe nimezaa watatu. Siku hizi kila nikikutana na mjamzito, tukishamaliza salamu na habari za miguu kuvimba, linafuata swali: "Bibi, niweke nyimbo gani siku yangu?" Wengine hunifungulia simu wakanionyesha nyimbo 40 zilizopangwa vizuri, zote zinaitwa za utulivu. Nami huuliza, "Huu wa kwanza unaupenda?" Jibu mara nyingi ni, "Sijawahi kuusikiliza mpaka mwisho." Nimeona niwaandikie wote kwa pamoja.

Yupo mama mmoja sitamsahau. Alifika leba usiku, mimba ya kwanza, mlango wa kizazi umefunguka sentimita 4. Alikuwa amejiandaa kuliko wengi: spika ndogo, chaji imejaa, sauti za mawimbi na ndege za kutosha usiku kucha. Kwa saa kadhaa mambo yalikwenda. Alipofika kama sentimita 6, uchungu ukawa haumpi nafasi, akafumbua macho akasema, "Zimeni hayo maji." Mumewe akazima. Uchungu mwingine ulipoanza kupanda nikamsikia anapiga mluzi kwa chinichini, kisha mluzi ukageuka mguno, sauti nene inayotoka tumboni, noti nne tu zinazojirudia. Mkono mmoja ameushika ukingo wa kitanda, kiganja cha pili kinapiga godoro taratibu kufuata zile noti. Uchungu ukapita, akanyamaza. Ukarudi, naye akarudi kwenye noti zake. Alikwenda hivyo mpaka wakati wa kusukuma. Baadaye aliniambia ni mluzi wa baba yake. Baba alipokuwa akitengeneza baiskeli, yeye akiwa mdogo alikaa chini akimshikia spana, na mluzi ule ndio uliokuwa juu ya kichwa chake. Hakuwa ameupanga. Hata jina la wimbo hakulijua.

Nimeliona jambo hili kwa sura nyingi tangu hapo. Saa ile ngumu mwili haupokei mgeni. Unaikimbilia sauti unayoijua. Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huu: chagueni muziki ambao tayari umo ndani yenu, na kama haumo, uanzeni sasa ili siku ikifika uwe umeshaingia.

Sababu yake iko mwilini. Oksitosini, homoni inayoukaza mji wa mimba, humiminika vizuri mama akijiona salama. Akiogopa, adrenalini, homoni ya woga, hupanda, mabega hukakamaa, pumzi hukatika, na uchungu uleule ukauma zaidi. Daktari Mwingereza, Grantly Dick-Read, alilieleza duara hili tangu miaka ya 1930: hofu huzaa mkazo, mkazo huzaa maumivu, maumivu yakairudisha hofu. Mwaka 1965 watafiti wa maumivu, Ronald Melzack na Patrick Wall, wakaeleza kwamba kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama lango, na ubongo wenyewe unaweza kulisukuma lijifunge kidogo, maumivu yapite machache. Sauti uliyoizoea huupa ubongo kazi hiyo. Inauambia uko kwenu.

Lakini sitawadanganya. Muziki haufuti uchungu. Akitokea mtu wa kuwaambia utafuta, mtafika pale, mtaumia, kisha mtajiona mmekosea kitu. Hamjakosea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, limeuweka muziki pamoja na mbinu za kupumua na kulegeza misuli, kwa mama mwenye afya njema anayetaka nafuu, kulingana na apendavyo mwenyewe. Yashikeni hayo maneno ya mwisho, *apendavyo mwenyewe*. Na mkihitaji dawa ya maumivu, iombeni bila haya. Wimbo na sindano havigombani.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Lala ubavu, weka wimbo, kisha usiusikilize kwa masikio tu, usikilize kwa taya. Je, meno yameachana? Ulimi umelala? Mabega yameshuka? Wimbo unaolegeza taya ndio wako, hata kama wenzako wanauona wa kelele. Nimemzalisha mama aliyekuja na ngoma tupu, mdundo mzito usio na hata neno moja, na uso wake ulikuwa mlaini kama wa mtu aliyesinzia. Mwingine alikuja na kisomo cha dini alichokisikia kila alfajiri tangu utotoni. Mwingine nyimbo za dansi za ujana wake, akawa anayumbisha kiuno amesimama, jambo ambalo mimi mkunga nalishangilia, kwa maana mama anayesimama na kutembea humsaidia mtoto kushuka. Msione aibu na chaguo lenu. Leba hakuna wa kuwapa alama.

Kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii mpaka liwakute. Uchungu ukikolea huja mara 3 mpaka 5 katika kila dakika 10, na kila mmoja hukaa karibu dakika nzima. Wimbo wa kawaida ni dakika 3 au 4. Maana yake karibu kila wimbo utabeba uchungu mmoja au zaidi, na huchagui utakushikia wapi: kwenye ubeti, kwenye kiitikio, au pale ala zote zinapolipuka ghafla. Kwa hiyo kwa saa hizo tafuteni nyimbo zenye hali moja toka mwanzo hadi mwisho, zinazojirudia, ambazo mdundo wake mnaweza kuupumulia. Ukishindwa kuvuta na kutoa pumzi polepole juu ya wimbo, huo ni wa siku nyingine. Nyimbo zenye hadithi ndefu mziweke mwanzoni, uchungu ukiwa bado wa mbali, mko nyumbani mnatembea na kupumzika.

Na mwanzo huo mara nyingi ni mrefu. Kwa mimba ya kwanza, kutoka dalili za kwanza mpaka sentimita 5 hakuna muda maalumu, na kuanzia hapo njia kufunguka yote huweza kuchukua hadi saa 12. Saa moja ya muziki itazunguka mpaka uichukie. Wekeni wa kutosha, lakini usiwe wa aina nyingi mno. Upakueni kabisa kwenye simu, msitegemee mtandao, na hakikisheni hakuna matangazo ya biashara. Mama anapanda na uchungu, katikati inaingia sauti ya mtu anauza sabuni! Nimeiona, na ule uchungu ulimshinda kabisa.

Kufanya mazoezi ndiko kunakouingiza wimbo mwilini. Kuanzia miezi miwili kabla, kila usiku mnapolala, wekeni nyimbo zilezile tatu nne na mpumue nazo. Mwili hujifunza taratibu kwamba sauti hii ikianza, tunalegea. Msihangaike kubandika spika tumboni ili mtoto asikie. Huko ndani anasikia vya kutosha, na anachokisikia zaidi ni wewe.

Tahadhari mbili za moyoni. Wimbo uliofungamana na msiba au na mtu aliyekuumiza, uache, hata kama ni mzuri namna gani. Leba hufungua milango ambayo hukuipanga. Ya pili ni kinyume chake: wimbo unaoupenda kuliko zote, fikiri kabla ya kwenda nao. Uzazi ukiwa mgumu, wimbo ule utabeba alama yake, na wapo mama ambao miaka inapita na bado wakiusikia huondoka chumbani. Mimi wimbo wangu mmoja niliupoteza hivyo, kwa mtoto wa pili, na sijaurudia mpaka leo.

Nyinyi wasindikizaji, mume, mama, dada, rafiki, nanyi nina neno nanyi. Simu ikishakuwa mkononi mwenu, mkumbuke muziki si wenu. Msimuulize katikati ya uchungu, "Nikuwekee upi?" Hawezi kujibu, na kuulizwa kunamtoa alikokuwa. Kubalianeni mapema ishara: kidole juu, ongeza, kiganja chini, punguza, ngumi, zima. Na akisema zima, zimeni papo hapo, msijitetee kwamba yeye ndiye aliyeuchagua. Wanawake wengi mno hutaka kimya kuelekea kusukuma. Wanaingia ndani yao, na hata wimbo wa mama yao mzazi unakuwa kelele.

Kuhusu chumba chenyewe. Mkunga anatakiwa kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kila baada ya dakika 15 hadi 30, na wakati wa kusukuma kila dakika 5. Akiinama na kifaa chake, shusheni sauti. Yale mapigo, 110 mpaka 160 kwa dakika, ndiyo yanayotuambia kama mtoto anastahimili, na sikio la mkunga linahitaji utulivu kuyashika. Mkiwa mmechanganyika na wengine wodini, tumieni visikilizio, lakini sikio moja tu. La pili liacheni wazi mumsikie anayewazalisha.

Hapa nina kitu kinachoniuma. Miaka mingi nyuma, mahali nilipofanya kazi, mwenzangu mmoja alimng'oa mama visikilizio kwa hasira, akisema leba si dansi. Mama yule alikuwa akienda vizuri, macho amefumba, anapumua. Alipong'olewa akashtuka, akaanza kulia, na pumzi yake haikurudi tena katika mstari ule usiku mzima. Mimi nilikuwa pale, nikanyamaza. Nilitakiwa kusema. Ndiyo maana nawaomba mseme mapema nyinyi wenyewe, kliniki, kabla ya siku: "Ningependa kusikiliza muziki wangu kwa sauti ndogo, na mkihitaji kimya nitazima." Wakunga wengi watakubali kwa furaha. Mama aliyetulia huturahisishia kazi.

Wale mtakaojifungua kwa upasuaji nanyi msijione mmeachwa. Kwa sindano ya mgongoni mnakuwa macho, mnasikia kila kitu, vyuma vikigongana, watu wakihesabu vitambaa. Muulizeni daktari kabla ya siku kama wimbo unaruhusiwa. Uwe wa sauti ya chini, maana wale wanahitaji kusikilizana. Nyimbo mbili au tatu mlizozifanyia mazoezi zinatosha kuwashika hadi mtoto atoke.

Na hili nalisema kwa msisitizo. Muziki usiwacheleweshe nyumbani. Damu ikitoka nyingi, chupa ikipasuka na maji yakawa ya kijani, kichwa kikiuma sana na macho kuona ukungu, mkipata homa kali, au mtoto akipunguza kucheza, zimeni kila kitu muende hospitali wakati huohuo.

Simu itaweza kuzima chaji. Spika itaweza kusahaulika kwenye gari. Sauti yenu mtakuwa nayo. Kuguna kwa sauti nene, midomo imelegea, ni muziki pia, na nimeuona ukifanya kazi pale ambapo vyote vingine vimeshindwa. Sauti ikipanda juu na kuwa nyembamba, koo hukaza na mwili wote hukaza nayo. Ishusheni. Msindikizaji anaweza kuguna pamoja nanyi, mtamfuata yeye mkipotea. Jaribuni nyumbani kabla, ili siku hiyo msiwe mnaona haya.

Mtoto akishatoka na kuwekwa kifuani, kabla hata ya kondo la nyuma, mwambieni anayeshika simu azime. Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer, watafiti wa Marekani, waliwapa vichanga wasiofikisha siku 3 chuchu ya kunyonya iliyounganishwa na kinasa sauti, na vichanga wakanyonya kwa namna ya kuifanya sauti ya mama yao isikike badala ya ya mwanamke mwingine. Amekuwa akikusikiliza miezi yote hiyo. Yule mama wa mluzi, mtoto alipowekwa juu yake analia, hakujua aseme nini. Akaguna zile noti nne. Mtoto akanyamaza, akageuza kichwa.

Nawaombea nyote heri na uzima. Mwenye swali asisite kuniuliza.

Bibi yenu,
mkunga mstaafu